Mambo Hayo na Siku Ile

Dominika ya 33 ya Mwaka B. Masomo: Dan 12:1-3, Ebr 10:11-14, 18, Mk 13:24-32



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko majumbani, ninyi mlioko vitandani hospitalini, nanyi wa vigango ambavyo leo havikupata padre na mmekusanyika mbele ya redio pamoja na katekista wenu: Mwaka wa Kanisa unakaribia kwisha. Dominika ijayo tutaadhimisha Sherehe ya Kristu Mfalme, na baada yake tutaingia katika kipindi cha Majilio. Kila anapofika ukingoni mwa mwaka, Mama Kanisa hutuwekea mbele yetu Injili ngumu, Injili ya jua kutiwa giza na nyota kuanguka. Mapadre wengi, nasi tukiwamo, hupenda kuipita haraka haraka. Husema tu, "Ndugu, tuwe tayari," kisha huendelea na matangazo ya zaka na ya ndoa. Leo hatutafanya hivyo, maana tunalo deni.

Deni lenyewe ni hili. Miaka michache iliyopita tulimzika katekista mmoja mzee wa kigango cha mbali. Alifundisha dini kwa zaidi ya miaka 30, akienda kwa miguu masika na kiangazi, bila malipo yanayostahili kuitwa mshahara. Watu wote, hata wasio wa dini yetu, walimwita Mwalimu. Baada ya maziko tulibaki na wafiwa. Usiku, watu wakiwa wameketi juu ya majamvi na sala zimekwisha, akasimama kijana mmoja, mtoto wa ndugu yake marehemu, aliyekuwa amerudi kutoka mjini. Mkononi alishika Biblia na kijitabu. Akaomba ruhusa kwa adabu, akasema kwamba haifai watu kudanganyana mbele ya kaburi. Akasema kwamba yote aliyoyatabiri Bwana Yesu juu ya mwisho yalitimia zamani, Yerusalemu ilipoangamizwa mwaka 70. Kuja kwake kulikuwa huko, hukumu ilikuwa huko, na ufufuko wa wafu ulikuwa huko huko, tena kwa namna ya kiroho. Hakuna kingine cha kungojea. Akaketi.

Watu walinyamaza. Ndipo mjane alipogeuka akatutazama, akatuuliza mbele ya wote: "Baba, kama ufufuko umekwisha kupita, basi Mwalimu tumemlaza pale angoje nini?"

Wapendwa, hilo ndilo swali tuliloulizwa. Nasi tulijibu vibaya. Tulianza kueleza maneno ya Kigiriki. Tulizungumzia mitindo ya uandishi ya manabii, tukataja wataalamu watatu waliokuwa wakisomwa seminarini tulipokuwa vijana, tukafafanua kwamba shuleni mwa elimu ya Biblia mambo hayo yana pande nyingi. Tulipomaliza, mama yule alisema, "Asante, Baba," akajifunika kanga yake kichwani. Tulitambua kwamba alikuwa ametuheshimu tu, na kwamba hakupata jibu.

Leo basi tunajaribu tena. Tutaanza kwa kumtendea haki kijana yule, kwa maana hakuwa mpumbavu wala mshari. Baadaye tulipata kujua habari zake. Miaka kadhaa kabla ya msiba ule alikuwa amefuatana na mhubiri mmoja wa kupita aliyetangaza tarehe ya mwisho wa dunia. Kijana aliuza baiskeli yake, akaacha shamba lake bila kupandwa, kwa kuwa hakuna apandaye asichotarajia kuvuna. Tarehe ikafika, ikapita. Mhubiri akahamia wilaya nyingine. Kijana akabaki na njaa ya mwaka mzima na vicheko vya jirani. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipopata kijitabu kilichomwambia kwamba mwisho ulikwisha kupita na hakuna tena wa kumtisha, alikipokea kama dawa. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, hasa ninyi makatekista: mara nyingi anayesema "yote yamekwisha" ni yule aliyechoshwa na wanaosema "yote ni kesho".

Tena, kwa sehemu kubwa kijana yule alikuwa na haki.

Tufungue sura ya 13 ya Marko tangu mwanzo, si tangu aya ya 24 tuliyosomewa leo. Bwana anatoka Hekaluni. Mwanafunzi mmoja anamwonyesha jinsi mawe yalivyo makubwa na majengo yalivyo mazuri. Hakutia chumvi. Herode Mkuu alikuwa ameanza kulijenga upya Hekalu lile karibu miaka 20 kabla ya Kristu, na katika ukuta unaolizunguka jukwaa lake mpaka leo limo jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya mita 13. Bwana akajibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Kisha akaenda kuketi juu ya Mlima wa Mizeituni, akilielekea Hekalu, na Petro, Yakobo, Yohane na Andrea wakamwuliza faraghani mambo hayo yatakuwa lini.

Yalikuwa kabla kizazi kile hakijapita. Mwaka 66 Wayahudi waliasi utawala wa Roma. Cestius Gallus, liwali wa Siria, akaja na jeshi lake mpaka Yerusalemu, kisha akarudi nyuma bila kuutwaa mji. Mwaka 70, wakati wa Pasaka, mji ukiwa umejaa watu, Titus mwana wa Kaisari Vespasian akauzingira. Habari za mazingira hayo ziliandikwa na Flavius Josephus, Myahudi aliyekuwa upande wa Warumi wakati huo na aliyeyaona mengi kwa macho yake. Anasimulia njaa iliyowafanya watu kutafuna ngozi za mikanda na viatu. Anasimulia habari ya mama aliyemla mtoto wake wa kunyonya. Anataja waliokufa kuwa milioni moja na laki moja, hesabu ambayo wanahistoria wa leo wanaiona imezidishwa mno. Lakini hata tukiipunguza mara nyingi, msiba unabaki kuwa msiba. Katika mwezi wa Agosti Hekalu likateketea kwa moto. Mawe yaliyosukumwa na askari kutoka juu ya ukuta yamefukuliwa na wachimbuzi, nayo yangali yamelala juu ya barabara ya kale pale yalipoangukia. Na mjini Roma lingali limesimama Tao la Titus, ambalo juu yake vimechongwa askari wakibeba kinara cha mataa saba kilichotolewa Hekaluni.

Eusebius, aliyekuwa Askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, ameandika kwamba Wakristu wa Yerusalemu walikuwa wameonywa, wakauhama mji kabla ya vita, wakaenda kukaa Pella, ng'ambo ya Yordani. Wako wataalamu wanaoitilia shaka habari hiyo. Sisi hatuoni sababu ya kuikataa. Luka anatuambia kwamba Bwana aliwaagiza wanafunzi wakimbilie milimani watakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi; na mtu aliyeambiwa akimbie, akaona majeshi, hukimbia.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba utabiri wa Bwana juu ya Yerusalemu umetimia, usimbishie. Umetimia. Mtu akiendelea kukuambia kwamba jua kutiwa giza na nyota kuanguka ni lugha ya manabii, napo sikiliza vizuri. Isaya, katika sura ya 13, aliitumia lugha hiyo hiyo alipotabiri kuanguka kwa Babeli, na Babeli ilipoanguka jua halikuzimika angani. Nasi pia tukipatwa na msiba mkubwa husema dunia imetiwa giza, na hakuna jirani atakayetoka nje kutazama juu. Hata habari ya Mwana wa Mtu kuja na mawingu imetoka katika sura ya saba ya Danieli, na humo yule anayekuja mawinguni anamwendea Mzee wa Siku ili apewe ufalme. Anapanda kuelekea kiti cha enzi. Wako Wakatoliki wema, wenye elimu, wanaosema kwamba maneno hayo yanahusu kwanza utukufu alioupokea Kristu kwa Baba, utukufu ulioonekana duniani pale Hekalu la kale lilipoondolewa. Kanisa halijawahukumu.

Mabishano haya si ya jana. Katika Shirika la Yesu pekee, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, walikuwako Wahispania wawili walioandika juu ya Kitabu cha Ufunuo wakatoka na majibu yaliyopishana. Francisco Ribera, aliyefariki mwaka 1591, alifundisha kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu nyakati za mwisho zisizofika bado. Luis de Alcázar, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1614, baada ya kifo chake, alifundisha kwamba sehemu kubwa yake ilikwisha kutimia katika ushindi wa Kanisa la kwanza juu ya wapinzani wake na juu ya Roma ya kipagani. Hatusemi kwamba waliandika bila joto la wakati wao. Ilikuwa enzi ambayo Waprotestanti wengi walimwita Baba Mtakatifu Mpinga Kristu, na kila jibu liliingia katika ugomvi huo. Hata hivyo, wote wawili walibaki mapadre wa Shirika lile lile, na hakuna aliyefukuzwa kwa ajili ya maoni yake.

Lakini wote wawili walisadiki kwamba Bwana atakuja tena. Hapo ndipo kijitabu cha kijana yule kilipoachana nao. Mwaka 1878 mchungaji mmoja huko Uingereza, James Stuart Russell, alitoa kitabu kikubwa akishikilia kwamba kuja kwa pili kwa Bwana kwenyewe kulitimia mwaka ule wa 70. Tangu hapo wametokea wengine, hasa huko Marekani, waliokwenda mbali zaidi, wakisema kwamba hakuna unabii hata mmoja uliobaki: hukumu imepita, ufufuko umepita. Kati ya "mengi yametimia" na "yote yametimia" kuna neno moja tu, na juu ya neno hilo ndipo aliposimama yule mjane.

Sasa turudi kwenye Injili ya leo, tuitazame kwa makini, nasi waswahili tumejaliwa lugha inayotusaidia. Bwana anasema kwamba kizazi hiki hakitapita hata hayo yote yatimie. Aya mbili tu mbele anasema kwamba habari ya siku ile hakuna aijuaye, wala malaika, wala Mwana, ila Baba. Sikilizeni: mambo *hayo*, siku *ile*. Tunaposema "hayo" tunataja yaliyokwisha kusemwa baina yetu. Tunaposema "ile" tunanyosha kidole mbali. Na Kiswahili hapa hakikujitungia. Ndivyo ilivyo hata katika Kigiriki cha Marko. Wanafunzi waliuliza juu ya mambo hayo, yaani juu ya Hekalu, wakajibiwa kwa wazi, tena kwa kipimo: kizazi kimoja. Toka mwaka wa 30 hivi mpaka 70 ni miaka 40. Lakini juu ya siku ile Bwana hatoi kipimo chochote. Anafunga mlango na kumwachia Baba ufunguo.

Hatutaficha ugumu uliopo. Neno "hayo yote" katika aya ya 30 linakuja baada ya aya ya 26, ambamo Mwana wa Mtu amekwisha kutajwa akija na mawingu. Kijana yule alituonyesha aya hizo mbili kwa kidole, nasi tuliona ana hoja. Wako wanaojibu kwamba "hayo yote" yanarudi kwenye dalili zilizotajwa mwanzo wa sura. Wako wanaojibu kwa njia ya Danieli, kama tulivyokwisha kusema. Sisi tunaona hivi. Mtu amesimama usiku kando ya barabara iliyonyooka akingoja gari. Kwa mbali sana anaona mwanga mmoja. Gari linafika, linampita, vumbi linatulia. Kumbe nyuma yake lilikuwako jingine, na kwa umbali ule taa zao zilionekana kuwa kitu kimoja. Manabii waliona hivyo, na Bwana wetu aliponena kwa lugha ya manabii alinena hivyo. Hukumu ya Yerusalemu ilitangulia. Ilikuwa hukumu ya kweli, na katika mwanga wake hukumu ya ulimwengu iliweza kuonekana. Lakini aliyekuwa akingoja gari la pili, akikubali kuambiwa kwamba ndilo lile lililopita, atajitwika mzigo wake arudi nyumbani.

Kwa nini tunasema kwa hakika kwamba lipo la pili? Si kwa sababu ya aya moja iliyo ngumu. Ni kwa sababu ya mambo ambayo Kanisa limeyafanya tangu mwanzo bila kukatiza.

La kwanza ni Misa hii tunayoiadhimisha. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila waulapo mkate ule na kukinywea kikombe kile wanaitangaza mauti ya Bwana mpaka atakapokuja. Mpaka atakapokuja, wapendwa! Kama alikuja mwaka 70 na hakuna kuja kwingine, basi Misa ya mwisho ilipaswa kuadhimishwa mwaka huo, na sisi tumekuwa tukikosea kila Dominika kwa muda wa karne 19 na zaidi. Lakini Wakristu waliouona moshi wa Yerusalemu hawakuacha kumega mkate. Waliendelea. Watoto wao wakaendelea. Nasi leo, mara baada ya Mageuzo, padre anapotualika kutangaza fumbo la imani, hatutangazi kifo na ufufuko tu. Tunasema pia kwamba tunamtazamia. Kinywa chetu wenyewe kinamjibu kijana yule, hata kabla akili yetu haijapata hoja.

La pili ni makaburi. Katika Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, ambao ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Agano Jipya, Paulo aliulizwa swali linalofanana sana na lile la mjane wetu. Wakristu wa pale walikuwa wamefiwa, nao waliogopa kwamba wafu wao wamepitwa. Paulo hakuwaambia kwamba ufufuko ni fundisho la kiroho lisilohusu miili yao. Aliwaambia kwamba waliolala katika Kristu watafufuka kwanza. Na alipowaandikia mara ya pili aliwaonya wasifadhaishwe na mtu yeyote asemaye kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Timoteo naye aliandikiwa majina mawili, Himenayo na Fileto, waliokuwa wakifundisha kwamba ufufuko umekwisha kupita, na kwa fundisho hilo walikuwa wakiipindua imani ya watu. Wenye vijitabu hujibu kwamba Paulo aliwalaumu kwa kuwa walisema mapema mno, kabla ya mwaka 70. Jibu hilo ni jepesi. Kosa la Himenayo na Fileto halikuwa la kalenda. Waliwaendea waliofiwa wakawanyang'anya matumaini, na makaburi yao yakiwa bado yamefungwa. Mwaka 70 ulipopita, makaburi yale yale yalikuwa bado yamefungwa.

Juu ya Kitabu cha Ufunuo tutasema kidogo tu, maana muda wa redio ni mfupi. Mtakatifu Irenei, katika karne ya pili, alishuhudia kwamba maono ya Yohane yalionekana mwishoni mwa utawala wa Domitian, yaani karibu na mwaka 95. Ndiyo maana wasemao "yote yametimia" hulazimika kukiweka kitabu hicho kabla ya mwaka 70. Wasipofanya hivyo, mengi wanayoyajenga yanaanguka. Ama hesabu ya 666, wengi wanaona kwamba ni jina la Kaisari Nero likihesabiwa kwa herufi za Kiebrania, nasi tunaona hivyo pia. Kwa hiyo, tafadhalini, msiitafute katika vitambulisho, wala katika namba za simu, wala katika jina la kiongozi msiyempenda.

Na sasa upande wa pili, ule uliomwumiza kijana yule mwanzo. Juu yake hatuhitaji hoja nyingi, maana historia imesema. Huko Marekani, William Miller alifanya hesabu kutoka sura ya nane ya Danieli, na wafuasi wake wakaingojea siku ya 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao yao shambani bila kuvuna. Siku ikapita. Huko angalau watu walirudi nyumbani wakilia. Kwetu hapa Afrika ya Mashariki hawakurudi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya sala, baada ya kuambiwa kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Na maiti nyingine nyingi zilifukuliwa baadaye mahali pengine. Tuseme ukweli, hata kama unatuaibisha: wengi katika kundi lile walikuwa wametoka katika Kanisa letu Katoliki, na miongoni mwa viongozi wake alikuwamo padre. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi, waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mtoto mdogo hakuchagua kufunga. Alinyimwa uji na mama yake mwenyewe, kwa sababu mama aliambiwa kwamba kesho haipo.

Makatekista wapendwa, ninyi ndio mnaokutana na vijitabu hivi kabla sisi mapadre hatujavisikia. Tunawaomba jambo moja tu la kazi. Mtu akija na aya ya mwisho wa dunia, msimcheke, wala msimfukuze kwenye jumuiya. Mwulizeni pole pole: "Ndugu, aya hii inanena juu ya mambo hayo, au juu ya siku ile?" Ketini naye, someni sura nzima, si mstari mmoja. Yaliyo ya Yerusalemu mwachieni Yerusalemu, wala msione haya kukubali kwamba yamepita. Yaliyo ya siku ile mwachieni Baba, wala msikubali mtu yeyote ayatie tarehe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 668 hadi 682, inafundisha kwamba Kristu anatawala tangu sasa kwa njia ya Kanisa lake, lakini kwamba yote bado hayajatiishwa chini yake. Someni namba hizo, ni kurasa chache. Nanyi mkulima akiwauliza kama inafaa kupanda mwaka huu, mwambieni apande. Bwana mwenyewe alipotaka mfano wa siku zake alikwenda shambani akaonyesha mtini unaochipuka. Hakumwambia mtu aukate.

Turudi kwa mama yule. Baada ya miezi miwili hivi tulirudi kigangoni, tukaenda nyumbani kwake. Alitupa kigoda, yeye akaketi juu ya mkeka akichambua maharage. Tulimwambia kwamba usiku ule hatukumjibu, na kwamba tunaomba radhi. Alicheka kidogo, akasema, "Baba, mlikuwa mmechoka." Ndipo tulipofungua somo hili hili la kwanza mlilolisikia leo, la nabii Danieli, tukamsomea. Malaika anamwambia Danieli kwamba wengi waliolala katika mavumbi ya nchi wataamka, na kwamba wale waliowaongoza wengi katika haki watang'aa kama nyota milele.

Aliacha kuchambua. Akaomba tusome tena mahali panaposema juu ya waliowaongoza wengi. Tukasoma. Alikaa kimya, kisha akasema, "Huyo ndiye Mwalimu." Baadaye, kama mtu anayetaka kuhakikisha tu, akauliza: "Na hilo halijapita?"

Tukamwambia, "Bado, mama."

"Bado," naye akasema, akaendelea na maharage yake.

Kijana yule hajakubaliana nasi kuhusu aya ya 30. Tunapofika huko huja na Biblia yake, nasi hubishana mpaka chai inapoa. Lakini mwaka jana alipanda ekari mbili za mahindi, na Siku ya Marehemu Wote tulimkuta makaburini akimsaidia shangazi yake kufyeka majani pale alipolazwa Mwalimu.

Sasa tusimame, nanyi mlioko majumbani simameni mkiweza, tuiungame imani yetu katika Nasadiki. Na tutakapofika mahali tunapokiri kwamba Bwana atakuja tena kwa utukufu, tutamke pole pole.